Moto ya umeme ikichoka na joto, dereva asilipe peke yake
Maneno kwa vijana na madereva wa taxi-moto, Lubumbashi



Nitasema kifupi juu jua iko kali na wengi bado mnatafuta pesa ya siku.

Mwaka uliopita, mwezi wa kumi, saa nane ya mchana, nilibeba mama mmoja na mfuko wa unga. Tulipoanza kupanda, moto ya umeme ikalegea. Nikakaza mukono, haikusikia. Mama akashuka, tukasukuma. Jioni mwenye moto akaniambia: « Wewe njo umeharibu mashini. » Akanikata pesa ya siku mbili. Sikukuwa na jibu juu sikujua sababu. Leo ninaijua, na ninataka muijue ninyi wote.

Ndani ya motere mna nyuzi za shaba. Umeme ukipita mle, sehemu yake inageuka joto. Umeme ukizidi mara mbili, joto lile linazidi mara ine. Kupanda polepole na mzigo njo kunakula umeme mingi kabisa. Tena shaba yenyewe ikipata moto inazuia umeme zaidi: ikipanda digri 100, kizuizi kinaongezeka karibu asilimia 40. Na motere nyingi ziko ndani ya gurudumu, zimefungwa. Hewa ya inje nayo ikiwa ya moto, joto lile litaenda wapi? Basi kile kisanduku kinachogawa umeme kinapunguza nguvu chenyewe, ili nyuzi zisiungue na sumaku zisiharibike. Mashini inajikinga. Dereva hana kosa pale.

Inchi yetu ni kati ya zile zinazotoa shaba mingi zaidi duniani. Tunaona makamyoni yanapita kila siku kutoka Kolwezi na Likasi. Haifai shaba irudi kwetu ndani ya mashini isiyopimwa kwa jua letu, kisha hasara ibebwe na kijana wa parking.

Tunaomba mambo matatu.

Kwa wauzaji: andikeni wazi, mbele ya mtu kulipa, moto inabeba kilo ngapi kwenye mlima, na inapunguza nguvu ikifika digri ngapi.

Kwa wenye moto: tuandike mapatano. Saa ambazo mashini imesimama juu ya joto, dereva asikatwe.

Kwa komine: taksi tunalipa. Tunataka kivuli kwenye parking.

Na sisi wenyewe tuko na kazi. Tusibebe watu watatu kwenye mlima. Tusimwage maji baridi juu ya motere yenye moto. Umeme ukirudi nyumbani, tuache kwanza batri ipoe mbele ya kuichaji, hata kama tunaogopa umeme utakatika tena.

Kuanzia kesho, kila parking iwe na daftari moja. Kila mara moto inapolegea, andika saa, mahali, mzigo na dakika ulizosimama. Mimi nilikuwa peke yangu na mdomo wangu tu, njo maana nilikatwa. Mwezi wa kumi ujao tufike mbele yao na madaftari mkononi.