Taa, Meza na Saa Mbili za Usiku



Machi 15, 2020, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule na vyuo vifungwe kwa ajili ya korona. Vyuo vikuu vilipewa hadi Machi 20. Pale Kilifi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani wakafunga mabegi. Aprili 8, kaunti nzima ikafungiwa: haingii mtu, hatoki mtu. Masomo yakahamia kwenye simu.

Aliyekuwa Malindi mjini alijikongoja. Aliyerudi Ganze au Marafa alikuta mtandao uko juu ya kilima, nao mpaka usimame upande fulani. Hoteli za Watamu zimefungwa, watalii Waitaliano wamekwenda kwao, baba mpishi yuko nyumbani. Bando na unga wa sima vinagombea shilingi ileile.

Siku hizi nasikia watu wakisema korona ilitufunza kwamba chuo si majengo. Mimi naona ilitufunza kinyume. Huyo wa Ganze hakukosa mwalimu. Mwalimu alikuwamo simuni, akikatika-katika. Alichokosa ni taa, meza, na zile saa mbili za usiku ambazo hakuna anayemwita. Msichana ndiye aliyekosa zaidi. Akiwa bwenini ni mwanafunzi. Akirudi nyumbani ana ndoo ya maji, ana wadogo zake, ana jiko. Mhadhara wa saa nne asubuhi atausikiliza nani?

Sisemi turudi tulikotoka. Agosti 2023 Kenya ilipata Chuo Kikuu Huria chake, nami nilifurahi. Tanzania wanacho tangu 1992, lakini tazameni walivyofanya: waliweka vituo mikoani, mwanafunzi akapata mahali pa kwenda. Tena yako masomo yasiyokubali simu. Mikoko ya hori ya Mida huijui mpaka mguu uzame topeni.

Sasa, kaunti yetu ya Kilifi ina vyuo vya ufundi mashinani. Jioni chumba kimoja kikiachwa wazi Bamba, kingine Marafa, kikawa na umeme, intaneti, viti na mlinzi wa kukaa hadi saa nne usiku, mwanafunzi wa masomo ya mbali atakuwa na chuo. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwa bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha, na wananchi huitwa kutoa maoni. Kwa kawaida huwa tunazungumzia barabara na visima. Safari hii mimi nitaomba chumba.