Nani Ataweka Sahihi?

Wasikilizaji wangu wa Katwe na Kabatoro, wa Kasese mjini, wa Bwera na Mpondwe, nanyi ndugu zetu wa Kasindi mnaotupata ng'ambo ya mto Lubiriha, upande wa Kongo, leo nina neno kwenu.

Nazungumzia sahihi. Ule mstari ulio chini ya karatasi, palipoandikwa: mzazi au mlezi.

Tuseme kuna mtoto wa miaka 8. Baba yake anavuna chumvi hapa Katwe. Mama yake anauza vitenge Kasindi. Wameachana, na mtoto analelewa na bibi yake huko Bwera. Siku moja anaanguka kutoka juu ya mwembe, mkono unavunjika vibaya. Bibi anampakia kwenye bodaboda hadi hospitali, na huko anaambiwa mkono huu lazima upasuliwe. Karatasi inaletwa. Nani ataweka sahihi? Bibi anampigia baba. Baba anajibu, muulize mama yake, si ndiye aliyeondoka? Anampigia mama. Mama anajibu, mimi nitaamua nini, na wao husema mtoto ni wa ukoo wao? Salio la simu linaisha. Mtoto bado yuko kwenye benchi, ameukumbatia mkono wake.

Sikutaja nyumba ya mtu. Lakini najua wapo kati yenu waliomwona mtoto huyu, na wengine waliwahi kuwa yeye.

Tunakosea mahali pamoja. Tukiachana, tunauliza mtoto atakaa kwa nani, na tukishapata jibu tunadhani tumemaliza. Anayekaa na mtoto anajiona ndiye mwenye kauli yote. Asiyekaa naye anajiona amefukuzwa, au anafurahi kwamba ametua mzigo. Wote wawili wamekosea. Kukaa na mtoto ni jambo moja. Kuamua juu ya shule yake, matibabu yake na safari zake ni jambo jingine.

Katiba yetu ya Uganda ya 1995, katika ibara ya 31, inasema kuwatunza na kuwalea watoto ni haki ya wazazi, tena ni wajibu wao. Sheria ya Watoto ya 1996, iliyorekebishwa 2016, inaweka dhamana ya uzazi juu ya kila mzazi, yaani haki, wajibu, uwezo na mamlaka aliyonayo mzazi kwa mtoto wake. Kila mzazi! Haikusema yule tu anayelala nyumba moja na mtoto. Sheria hiyo inataja mambo ambayo mtoto anawadai wazazi wake: elimu na maongozi, chanjo, chakula cha kutosha, mavazi, malazi na matibabu. Na deni hilo linamhusu pia bibi, shangazi au mjomba anayeishi na mtoto. Majirani zetu wa Kenya waliliandika waziwazi katika Sheria yao ya Watoto ya 2001, iliyofutwa 2022: kukaa na mtoto kulipewa jina lake, na mamlaka ya kisheria juu yake yalipewa jina lake.

Najua mzee mmoja ananisikiliza sasa na kusema, kwetu mtoto ni wa ukoo. Mzee wangu, ninaheshimu neno hilo. Ukoo umewaokoa yatima wengi katika milima yetu, na marekebisho ya 2016 yanamtambua mlezi anayeteuliwa kimila pale wazazi wote wawili wamefariki au hawapatikani. Lakini ukoo ni paa la mtoto, haukuwekwa ili kumfungia mama yake mlango. Wala tusimpime mtoto kwa mbuzi wa mahari. Agosti 2015, Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya shirika la Mifumi, iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Ikiwa hata mbuzi hawadaiwi tena, mtoto atashikiliwaje kama rehani yao?

Kwetu jambo hili ni zito zaidi kwa sababu ya mpaka. Upande huu mtoto huitwa Baluku, ng'ambo huitwa Paluku. Hapa ni Bwambale, kule ni Kambale. Damu ni moja na lugha ni moja, ila vyeti ni viwili na serikali ni mbili. Mzazi mmoja akimvusha mtoto bila kumwambia mwenzake, atakayebaki ataanzia wapi kumtafuta? Kuvuka daraja la Mpondwe ni mwendo wa dakika chache. Kumrudisha mtoto kwa njia ya sheria kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko utoto wake unavyoweza kungoja.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu mlioachana, andikeni makubaliano yenu. Sheria inawaruhusu kukubaliana juu ya malezi. Anzeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na makamu wake ndiye mwenye kazi ya ustawi wa watoto kijijini. Nendeni ofisi ya probesheni ya wilaya. Mkishindwana, Mahakama ya Familia na Watoto ipo kwa ajili hiyo. Katika karatasi hiyo wekeni: akiugua, nani ataweka sahihi, na huyo akikosekana, je, bibi aweze? Shule nani atachagua? Nani ataombwa ruhusa kabla ya kuvuka mpaka? Na fedha zifuate majira. Mvuna chumvi hupata wakati wa jua, mvua zikianza mkono unakauka. Basi akubali kulipa karo chumvi ikiwa nyingi, kuliko kuahidi kila mwezi halafu aitwe mwongo Aprili.

Na mtoto aulizwe. Wakubwa wanapokaa kikao, tunamtuma kuchota maji. Sheria inataka matakwa na hisia zake zizingatiwe, kwa kadiri ya umri na ufahamu wake. Hatutamwachia aamue. Tutamsikiliza, kwa sababu maisha yanayogawanywa ni yake.

Yako makubaliano ambayo sitamshauri mtu kuyatafuta. Palipo na kipigo au unyanyasaji, usikae kupatana. Nenda polisi, dawati la watoto na familia, au piga namba ya msaada kwa watoto, 116. Simu hiyo ni ya bure.

Wahenga walisema, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kazi hiyo haikomi mnapoachana. Leo jioni, mpigie yule mliyezaa naye. Msifukue ya ndoa. Muulize swali moja tu: mtoto wetu akivunjika mkono kesho, nani ataweka sahihi? Mkishapata jibu, liandikeni, na nakala mpeni bibi aiweke pamoja na kadi ya chanjo.