Deni la Mume, Jina la Mke

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: 2 Wafalme 4:1-7)

Kama Biblia iko karibu nawe, fungua Wafalme wa Pili, mlango wa 4. Hapo utamkuta mjane mmoja, mke wa mtu aliyekuwa miongoni mwa wana wa manabii. Mumewe alikuwa mcha Mungu, lakini alikufa akiacha deni. Mwenye kumdai amefika mlangoni, naye anawataka vijana wawili wa yule mama wawe watumwa wake.

Mama huyo hakukopa yeye. Biblia haituambii hata kama alijua kwamba mumewe anakopa. Lakini deni lilipokuja kutafuta pa kulipwa, lilikuja nyumbani kwake.

Katika Kenya ya leo hakuna adaiye aruhusiwaye kuchukua watoto wa mtu. Hata hivyo swali la mama yule bado linaulizwa katika nyumba za Wakristo, tena kwa sauti ya chini, maana watu huona aibu. Mume amefilisika. Je, mke aweza kwenda benki au kwenye Sacco yake akapewa mkopo? Au mke ndiye biashara yake imeanguka. Je, mume ataguswa?

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Mtaani, mtu akifunga duka tunasema amefilisika. Katika sheria sivyo. Mtu huwa mufilisi kwa amri ya Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Mali yake hutiwa mikononi mwa msimamizi ili wanaomdai wagawiwe, naye huachiwa vitu vichache vya lazima, kama vyombo vya kazi yake na vya nyumbani. Kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 3 tangu alipotoa taarifa ya mali na madeni yake, isipokuwa mtu apinge.

Sasa, jibu la swali. Ndoa peke yake haikufanyi mdaiwa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yampa mke haki ya kumiliki mali na kufanya mapatano kwa jina lake, sawasawa na mume. Mashirika yanayotunza habari za wakopaji, ambayo wengi tunayaita CRB, huandika habari za kila mtu kwa nambari ya kitambulisho chake. Hakuna kitambulisho cha Bwana na Bibi. Basi mama mwalimu ambaye mumewe amefilisika, na ambaye hakutia sahihi popote, huenda benki akiwa na jina lake safi.

“Hakutia sahihi popote.” Hapo ndipo penye shida yote, wapendwa.

Tuseme baba mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi, na mkewe ni mwalimu. Jioni moja baba anakuja na karatasi za benki. “Mama watoto, weka sahihi hapa, ni jambo la kawaida tu.” Mama anaweka, kwa sababu ni mume wake, na kwa sababu chakula kiko mezani na watoto wanangoja. Lakini ni karatasi gani? Ziko za namna tatu, na hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni kibali. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila sahihi ya mwenzi. Ukitia kibali hicho, si wewe uliyekopa. Lakini mkopo usipolipwa, nyumba inaweza kuuzwa, na utatoka humo pamoja na yeye.

Ya pili ni udhamini. Hapa umesema, asipolipa yeye, nitalipa mimi. Na jambo hili wengi hawalijui: mufilisi akiisha kufunguliwa na madeni yake, mdhamini hafunguliwi pamoja naye. Mume anaweza kuwa huru, na mke akabaki akidaiwa. Katika Sacco, akiba yako inaweza kukatwa. Mithali mlango wa 6 ina maneno makali juu ya mtu aliyemdhamini mwenzake. Ukiisoma leo jioni, utaona haikusema kwamba mume au mke hawahusiki.

Ya tatu ni mkopo wa pamoja. Huo ni wenu nyote wawili tangu siku ya kwanza, na usipolipwa huandikwa katika majina yenu nyote wawili. Hata ukiisha kulipwa, habari hiyo mbaya hukaa CRB kwa miaka 5.

Iko njia nyingine isiyohitaji hata kalamu. Ni laini ya simu. Nyumba nyingi zina laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mama lakini baba ndiye anayeitumia, au kinyume chake. Mikopo ya simu huangalia usajili, haiangalii ni kidole cha nani kilichobonyeza. Asipolipa, anayeandikwa ni wewe.

Tena, hata kama jina lako ni safi, mkopeshaji atauliza rehani ni nini. Ikiwa shamba limeandikwa majina ya wote wawili, fungu la mufilisi limekwisha kwenda kwa msimamizi, wala huwezi kuliweka rehani kana kwamba halikuguswa. Atauliza pia mshahara. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 hairuhusu makato kupita theluthi mbili. Mama ambaye sasa analipa karo, kodi na chakula peke yake, theluthi moja hiyo ataiona ni ndogo sana. Mara nyingi hilo ndilo linalomzuia, wala si jina la mumewe.

Na madeni yaliyoingiwa kwa faida ya nyumba yenu, wakati mkiwa mmeoana? Hayo sheria yasema ni ya wote wawili kwa sawa. Karo ya watoto si starehe ya mtu mmoja.

Najua wako wanaotafuta njia ya mkato. Baba anaona kamba inakaza, basi anaandikisha shamba kwa jina la mkewe upesi upesi. Mahakama inaweza kuubatilisha uhamisho wa namna hiyo, na mke akaingizwa katika kesi ambayo haikuwa yake. Someni Matendo mlango wa 5. Anania na Safira walipatana kuficha, lakini Petro hakumuuliza Safira juu ya mumewe tu. Alimwuliza yeye mwenyewe, peke yake, yapata saa tatu baadaye, naye akajibu kwa kinywa chake.

Mama wa kitabu cha Wafalme alifanya vingine. Alikwenda kwa Elisha akasema wazi: deni liko, na nyumbani sina kitu ila chupa ya mafuta. Naona alikuwa na ushujaa mkubwa, maana kueleza deni la marehemu mcha Mungu mbele ya nabii si rahisi. Hakumtukana mumewe, wala hakumfichia. Na mafuta yalipopatikana, agizo lilikuwa na utaratibu: auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki.

Basi wiki hii, mume na mke, ketini chini baada ya watoto kulala. Leteni karatasi zote mezani, na laini zote za simu. Kila mmoja ana haki ya kupata taarifa yake ya CRB bure mara moja kwa mwaka. Iombeni, na mkiona kosa, mnayo haki ya kulipinga. Mkikuta sahihi ambayo mmoja wenu haikumbuki, ulizeni benki au Sacco ni ya kibali, ya udhamini, au ya mkopo wenyewe. Ulizeni kabla ya barua ya wakili kufika.

Kwaherini.