Kununua Motokaa Mpya kwa Mara ya Kwanza

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mwanza)



Tumeagizwa na Halmashauri ya Chama tuseme machache juu ya kununua motokaa mpya, yaani ile itokayo kiwandani, ambayo hapana mtu aliyetangulia kuimiliki. Tulipoipokea barua ya Bwana Katibu tulicheka kidogo, kwa kuwa twaijua hali ya mifuko yetu makarani. Lakini tulipofikiri tuliona kwamba wamo humu watu wanaolitia moyoni jambo hili. Wengine wamekwisha kuahidiwa mkopo, wengine wangoja mafao ya kustaafu, na wengine wana wenzi wao wauzao dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ambao faida yao ya mwezi yaushinda mshahara wetu wa ofisini. Kwa hao twasema hasa, wasije wakawa na mshauri mmoja tu, naye ni muuzaji.

Hapana budi tuanze kwa kosa letu wenyewe. Tulipopata fedha, nusu akiba na nusu mkopo, tuliagiza motokaa ndogo kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, ambaye hatutamtaja. Fedha zilipokelewa kwa heshima, na baada ya siku chache dereva wa kukodiwa akatuletea motokaa mpaka mlangoni. Ilikuwa inang'aa, viti vingali vimefunikwa nailoni. Jamaa walikuja kutoka Misungwi na Magu kuitazama, mbuzi akachinjwa, wazee wakaiombea. Kitabu cha matengenezo kilikuwa ndani ya kisanduku cha mbele, nacho kilikaa humo miezi mingi kama mgeni asiyeulizwa habari.

Saa ya kilometa siku ile ilikuwa imekwisha kupita 1,100, maana njia ya kutoka Dar es Salaam hata Mwanza ndiyo urefu wake. Kitabu kile kilisema kwamba ukaguzi wa kwanza ufanywe kwenye kilometa 1,000, katika karakana inayotambuliwa na mwenye kuuza, na mhuri upigwe. Basi angalieni, Mabwana: wakati wa mhuri wa kwanza ulipita kabla hatujauketia usukani! Muuzaji alilijua hilo, hakusema. Sisi hatukulijua, kwa sababu hatukusoma. Mafuta ya injini tulibadilishiwa na fundi wetu wa Mabatini, mtu mwaminifu na mwenye mkono mzuri, wala hatuna neno baya juu ya kazi yake. Illakini fundi yule hana mhuri.

Motokaa ilipofika kilometa 14,000, giaboksi ilianza kugonga kila tulipopanda kilima cha Bugando. Tukaandika barua kwa muuzaji. Jibu likaja upesi kuliko motokaa ilivyokuja: kitabu hakina mihuri, kwa hiyo dhamana imekufa. Tulichukua likizo tukasafiri kwenda kumwona, naye akatufunulia ukurasa wenyewe, maandishi madogo sana, ya Kiingereza. Hatukuwa na la kujibu. Sisi tulio makarani, ambao kazi yetu mchana kutwa ni kuwarudishia raia fomu zao kwa kukosa sahihi au tarehe, tulikuwa tumekosa kuisoma karatasi yetu moja. Giaboksi tuliilipia wenyewe, na fedha zile zilikuwa ada ya shule ya mtoto wetu wa pili. Muhula ule alichelewa kurudi shuleni majuma matatu.

Tumeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu ilitufundisha kitu gani hasa mtu anunuacho anapotoa fedha nyingi namna ile. Motokaa nyingi mnazoziona katika barabara ya Kenyatta au ya Nyerere zililetwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika huko, nazo zafanya kazi; hapana aibu kuwa na mojawapo. Basi anayenunua mpya kwa bei inayopita hiyo mara mbili au zaidi, anunua nini cha ziada? Rangi hupauka. Ile harufu nzuri ya ndani hukaa miezi michache, na mkichukua samaki wa Igombe ndani yake haikai hata juma. Kinachobaki ni dhamana: ahadi ya maandishi kwamba kitu kikiharibika kwa kosa la kiwanda, mwenye kuuza atakitengeneza kwa gharama yake, aghalabu kwa miaka kadhaa au kwa kilometa kadhaa, lolote litakalotangulia. Mtu asiyeweza kuilinda dhamana hiyo akiwa hapa Mwanza, heri anunue ya mtumba iliyo nzima, na fedha inayobaki aiweke kwa matengenezo.

Kwa sababu hiyo swali letu la kwanza kwa muuzaji si bei. Ni hili: nani atakayeitengeneza Mwanza? Mji wetu tangu zamani hupokea vitu kutoka mbali. Reli ya kutoka Tabora ilifika hapa mwaka wa 1928. Kabla yake shehena za ng'ambo zilipita Mombasa, zikapanda gari la moshi hata Kisumu, ambako reli ilifika mwaka wa 1901, kisha zikavuka ziwa kwa meli. Siku hizi barabara ni ya lami, lakini umbali haukupungua hata hatua moja. Muuzaji akisema, "Tuna wakala Mwanza," mwambieni awape mtaa na jina la karakana, kisha nendeni kwa miguu yenu mkaione. Je, iko wazi? Ina mafundi wanaoijua aina hiyo, na kompyuta ya kuipimia? Ulizeni bei ya filta ya mafuta na ya vibao vya breki, na kama vipo siku hiyohiyo au vyaagizwa. Mkimkuta dereva anangoja hapo, mwulizeni pembeni amengoja tangu lini. Halafu mtake iandikwe katika mkataba kwamba mhuri wa karakana hiyo ya Mwanza utakubaliwa katika dhamana. Neno la mdomo, hata likisemwa kwa tabasamu, haliingii katika jalada.

Tena ulizeni motokaa itafikaje. Ikibebwa juu ya lori, gharama ni yenu aghalabu, lakini yafika na kilometa chache. Ikija kwa magurudumu yake, mtake ukaguzi wa kwanza ufanywe ilipotoka au siku ileile ifikapo, na mhuri upigwe mbele ya macho yenu. Watu husema "ziro kilometa". Maneno hayo ni mazuri kwa arusi, ila yawezekana saa ya motokaa inasema mengine.

Sasa juu ya neno lenyewe "mpya". Hapa mjini mtu akipita na kibao chenye namba E, watu humhesabia kuwa amenunua mpya kuliko mwenye namba D. Hilo ni kosa. Herufi za kibao zaonyesha motokaa iliandikishwa lini Tanzania, wala hazisemi ilitengenezwa lini. Motokaa ya mwaka wa 2006 iliyoshushwa bandarini juzi itapewa herufi za juzi. Mwaka wa kutengenezwa husomwa katika kadi ya motokaa na katika hati za forodha. Hizo ndizo za kutazamwa. Hata motokaa isiyopata kutumika yaweza kuwa imesimama uani miaka miwili, juani, betri imechoka na mipira imekauka. Ubavuni mwa mpira, mwishoni mwa herufi zianzazo na DOT, mna tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Mkisoma 2322, mpira ule ulitoka kiwandani katika juma la 23 la mwaka wa 2022. Soma yote minne, na ule wa akiba. Tarakimu zikisema miaka mitatu iliyopita, motokaa ikaitwa ya mwaka huu, mwombeni muuzaji afafanue, nanyi msimsaidie kufafanua.

Bei huwatisha wengi, nao hudhani muuzaji peke yake ndiye ailaye. Tuchukue mfano. Motokaa yenye injini ya cc 1,500, thamani yake ikifika bandarini pamoja na nauli na bima ni shilingi 30,000,000. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki ni 25 kwa mia, yaani 7,500,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kadiri hiyo ni 5 kwa mia ya jumla, 1,875,000. Juu ya hayo yote kodi ya ongezeko la thamani, 18 kwa mia, 7,087,500. Jumla ni shilingi 46,462,500, na bado tozo ndogondogo, usajili, na faida ya muuzaji. Viwango hivi hubadilika katika Bajeti isomwayo kila Juni, basi asiye na haraka na angoje aisikie kwanza. Motokaa ya mtumba iliyozidi miaka minane hutozwa pia ushuru wa uchakavu. Jirani zetu wanaokunywa maji ya ziwa hilihili wana sheria nyingine: Kenya haipokei iliyozidi miaka minane, na Uganda tangu mwaka wa 2018 haipokei iliyozidi miaka 15. Leseni ya barabara ya kila mwaka tuliondolewa mwaka wa 2017, ikatiwa ndani ya bei ya mafuta; hivyo mvuvi wa Igombe anapowasha injini ya mtumbwi wake hutusaidia kuilipia barabara asiyopita. Tumpe pole, na samaki tununue kwake.

Juu ya mkopo tutasema kwa ukali kidogo. Ulizeni riba yahesabiwaje. Chukueni shilingi 20,000,000 kwa miaka mitano, riba 16 kwa mia. Ikihesabiwa juu ya mkopo wote mwaka hata mwaka, mtalipa 600,000 kila mwezi, jumla 36,000,000. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, mtalipa kama 486,000 kila mwezi, jumla kama 29,200,000. Tangazo la ukutani ni lilelile, "16 kwa mia", lakini kati ya moja na jingine mna zaidi ya shilingi milioni sita, nazo zatosha kumsomesha mtoto. Sheria yataka mtumishi wa umma abakiwe na theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Ni sheria njema, lakini haikuihesabu petroli. Akaaye Buhongwa akaja ofisini kila siku hutembea kilometa kama 25 kwenda na kurudi. Kwa siku 22 za kazi ni kilometa 550, na motokaa ikila lita moja kwa kilometa 12, ni lita 46 za mwezi. Zidisheni wenyewe kwa bei iliyo kituoni leo. Ongezeni bima kubwa, ambayo mkopeshaji ataitaka kila mwaka mpaka deni liishe, na matengenezo ya mihuri. Kilichobaki baada ya hapo ndicho cha unga, kodi ya nyumba, ada, na misiba. Maana mwenye motokaa, Mabwana, kila msiba humwita, tena humwita na tangi lililojaa.

Mzee mmoja wa Chama hiki alituambia ataka kuyatoa mafao yake yote kwa motokaa mpya, apate kustarehe. Tulimwomba kwa heshima afanye jambo moja kwanza: kwa miezi mitatu aweke kando, kila mwezi, fedha sawa na petroli, bima na matengenezo, kama kwamba motokaa imekwisha kufika. Mwezi wa pili alikuja akatuambia ataka kuzungumza juu ya bajaji. Hatukumcheka, bajaji ile yamwingizia fedha hata sasa.

Mkiisha kuridhika na hayo, ijaribuni motokaa mahali mnapoishi. Uani kwa muuzaji ni sakafu tupu, na kwetu ni mawe. Waombeni kuipandisha Isamilo au njia ya Bugando, mkiwa watu watano ndani, msikilize injini na kutazama tumbo la motokaa linavyopita juu ya mwamba. Mwenye shamba Sengerema au Geita hana tena foleni ya kivuko, kwa kuwa daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025; mwenye kwao Ukerewe bado atapanda kivuko pale Kisorya, basi aangalie pua ya motokaa isiwe ya chini mno kwa ngazi ya kupandia. Wadudu wa ziwani wanaotanda kama moshi huziba rejeta. Ioshwe kwa maji ya taratibu. Juu ya rangi hatuna shauri, ila nyeupe huonyesha vumbi na nyeusi huonyesha vumbi zaidi.

Kitabu chetu cha matengenezo tumekileta, kipo mezani kwa Bwana Katibu, pamoja na mkataba na ankara. Jina la muuzaji tumelifunika kwa karatasi. Ukurasa wa dhamana tumeutia alama ya wino mwekundu, na tafsiri yake ya Kiswahili tumeiandika kwa mkono pembeni. Anayetaka kunakili na anakili kabla mkutano haujafungwa, maana kesho tutakihitaji: motokaa yaenda ukaguzi.