Muziki Katika Kasri la Schönbrunn

Leo tutatoka nje ya darasa. Twende mpaka mji wa Vienna, katika nchi ya Austria, tukatazame kasri moja la wafalme wa zamani na kumbi zake za muziki. Wale wapendao hesabu wasikate tamaa, kwa sababu mwisho wa safari tutahesabu fedha, na hesabu yenyewe ina uchungu kidogo.

Kasri hilo laitwa Schönbrunn, na maana ya jina ni chemchemi nzuri. Ukipanda treni ya mji, utashuka katika kituo chenye jina hilo hilo, kisha utakwenda kwa miguu dakika chache tu. Utaona jumba refu la rangi ya manjano, lenye madirisha mengi hata macho huchoka kuyahesabu. Vyumba vyake ni 1,441. Usiogope, mgeni haonyeshwi vyote. Mwenye tikiti kubwa hupitishwa katika vyumba 40 hivi, na hata hivyo miguu itakuuma. Bustani iliyo nyuma ya jumba huingiwa bila kulipa, na wenyeji wa mji hukimbia humo asubuhi kama vile ni uwanja wao. Nao ni wao kweli. Tarehe 11 Novemba 1918 Kaizari wa mwisho, Karl, alitia sahihi humo humo ndani ya kasri hati ya kujitoa katika mambo ya serikali. Siku ya pili yake Austria ikatangazwa kuwa jamhuri, na jumba likawa mali ya taifa.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Umbo tulionalo leo zaidi ni kazi ya Malkia Maria Theresia, aliyetawala tangu mwaka 1740 hata alipokufa mwaka 1780. Alizaa watoto 16, akatawala nchi nyingi, akapigana vita, na juu ya hayo alipenda muziki sana. Mwaka 1747 alifungua ukumbi wa michezo ndani ya kasri, nao upo hata leo. Humo watoto wa kifalme walicheza na kuimba mbele ya wazazi wao. Mwaka 1765, mwanawe mkubwa Joseph alipooa mara ya pili, mabinti wanne wa malkia waliimba opera ya Gluck katika kasri hilo, na ndugu yao Leopold akawaongoza kwa kinanda. Kwa hiyo msidhani kwamba watu hawa walisikiliza tu. Walijua muziki, waliweza kumtambua fundi na kumtofautisha na mbabaishaji. Yashikeni maneno haya, yatatufaa mbele.

Sasa tuingie ndani. Chumba kipitacho vyote ni Ukumbi Mkubwa, wenye urefu wa zaidi ya mita 40 na upana wa mita 10 hivi. Kuta zake ni nyeupe, zimepambwa kwa dhahabu, na upande mmoja kuna vioo vinavyoyatazama madirisha. Juu zaning'inia thurea mbili za mbao zilizopakwa dhahabu, na kila moja ilichukua mishumaa 70. Fikirini kazi ya kuiwasha! Humo walicheza dansi wajumbe wa mkutano mkuu wa Vienna wa mwaka 1814 na 1815, na mwaka 1961 humo walikaribishwa kwa chakula cha jioni Kennedy wa Marekani na Khrushchev wa Urusi. Mimi lakini nilivutwa zaidi na majiko. Katika vyumba mna majiko marefu ya kauri, meupe na safi, na ukiyatazama kwa mbele huoni mlango wa kutilia kuni. Mlango uko nyuma ya ukuta. Watumishi walipita katika vichochoro vilivyofichwa, wakatia kuni kutoka huko, ili bwana apate joto bila ya kumwona mtu mwenye masizi.

Mbele kidogo utafika katika Chumba cha Vioo. Kwa desturi wageni huambiwa kwamba hapa ndipo Mozart alipopiga kinanda mbele ya malkia. Kama ni chumba hiki au kingine, siku yenyewe yajulikana: tarehe 13 Oktoba 1762. Mtoto alikuwa na miaka sita, amekuja na baba yake, mama yake na dada yake Nannerl wa miaka kumi na mmoja. Baba aliandika katika barua kwamba mtoto alimrukia malkia mapajani, akamkumbatia shingoni na kumbusu. Baada ya siku chache mtunza fedha wa malkia aliwalipa dukati 100, yaani sarafu 100 za dhahabu, na watoto wakapewa nguo za watoto wa kifalme. Iandikeni hesabu hiyo pembeni: mwaka 1762, dukati 100.

Kabla ya kutoka, simameni kidogo katika Ukumbi wa Sherehe, mtazame picha kubwa za arusi ya kwanza ya Joseph, ya mwaka 1760. Picha moja yaonyesha muziki ukipigwa katika kasri jingine la ukoo huo, liitwalo Hofburg, katikati ya mji. Watu wamejaa pomoni, na kati yao amechorwa mtoto mdogo, ndiye Mozart. Lakini mwaka ule Mozart alikuwa na miaka minne tu, na hakuwako Vienna kabisa! Wachoraji walichukua miaka kuimaliza kazi, na huku nyuma sifa za mtoto zikavuma, basi wakamwongeza. Mwanafunzi wa historia na akumbuke picha hiyo kila aambiwapo kwamba picha haisemi uongo.

Mtoto yule alikua. Mwaka 1771, akiwa na miaka 15, alipeleka muziki wake Milan kwenye arusi ya Ferdinand, mwana mwingine wa malkia. Kijana Ferdinand akapendezwa, akataka kumwajiri, akamwandikia mama yake kuomba shauri. Maria Theresia alijibu mwezi wa Desemba kwamba haoni haja. Mwanawe asijitwike mzigo wa watu wasio na faida, watu wazungukao duniani kama waombaji, tena wenye jamaa kubwa. Mozart hakuajiriwa. Yule aliyeruhusiwa kupanda mapajani akiwa mtoto, alipotaka kazi akafananishwa na mwomba sadaka. Na aliyeandika hivyo hakuwa mtu asiyejua thamani ya muziki.

Hapo, ndugu zangu, ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Katika nyumba kubwa za siku zile mpiga muziki alihesabiwa pamoja na watumishi. Mozart mwenyewe, alipokuja Vienna mwaka 1781 katika msafara wa bwana wake, Askofu Mkuu wa Salzburg, alimwandikia baba yake kwamba mezani amekalishwa na watumishi wa chumbani na wapishi, ila yeye yuko juu ya wapishi. Mwaka huo huo aliacha kazi kwa ugomvi, akakaa mjini kujitafutia riziki kwa kufundisha na kupiga muziki mbele ya watu walionunua nafasi.

Sasa natutoke nje, tugeuke upande, tuingie katika jengo refu la chini ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama. Ndiyo Orangerie, nyumba ya michungwa. Ina urefu wa mita 189 na upana wa mita 10 tu, mfano wa treni iliyosimama. Sisi wa pwani tutacheka, maana mchungwa na mlimau kwetu husimama uani na mvua yake na jua lake. Vienna theluji huanguka. Mti huo ukiachwa nje wakati wa baridi hufa. Basi ulipandwa katika chombo, ukaingizwa ndani majira ya baridi, na chini ya sakafu ukapitishwa moshi na hewa ya moto kutoka katika matanuri. Kaizari Joseph, aliyemfuata mama yake, aliona kwamba nyumba yenye joto, majani mabichi na harufu ya maua wakati wa theluji yafaa sana kwa karamu. Ghala ya miti likageuka ukumbi.

Tarehe 7 Februari 1786 alifanya humo karamu iliyokumbukwa hata leo. Wageni wake walikuwa dada yake Marie Christine na mumewe Albert, waliotawala Uholanzi ya Austria, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ubelgiji. Walitoka mjini kwa msafara wa magari ya farasi, wakala katikati ya jengo huku wapiga ala wakiwatumbuiza. Na katika ncha mbili za nyumba ile ndefu palijengwa majukwaa mawili. Walipokwisha kula waligeukia upande mmoja, wakatazama mchezo wa Kijerumani wenye nyimbo za Mozart. Kisha wakageukia upande wa pili, wakasikiliza opera ya Kitaliano ya Salieri.

Mbona lugha mbili? Kwa sababu hapo palikuwa na shauri kubwa. Opera nzuri, kwa maoni ya wakubwa wa siku zile, ilikuwa ya Kitaliano. Joseph alijaribu kuinua lugha iliyosemwa na watu wa mji wake. Mwaka 1778 alianzisha kundi la kuimba kwa Kijerumani katika ukumbi wake wa taifa. Baada ya miaka mitano opera ya Kitaliano ikarudi na kukalia kiti. Karamu ile iliziweka lugha mbili uso kwa uso, moja kila ncha ya chumba, na wakubwa wakikaa katikati na vijiko vyao.

Michezo yote miwili ilijicheka yenyewe. Katika ule wa Mozart, mwenye kundi la michezo anasumbuliwa na waimbaji wawili wa kike, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye wa kwanza na mshahara wake uwe mkubwa. Katika ule wa Salieri, mtunga mashairi na mtunga muziki wanaamriwa na tajiri wao watengeneze opera kwa siku nne. Wale wakubwa walicheka sana, bila shaka. Waliochekwa ni watu waliokuwa wakifanya kazi mbele yao.

Sasa hesabu niliyowaahidi. Salieri alilipwa dukati 100, na Mozart 50. Tuseme haki: kazi ya Salieri ilikuwa opera nzima, na Mozart alitunga ufunguzi na nyimbo nne tu, sehemu nyingine ikiwa maneno matupu. Tena Salieri alikuwa mtu wa ikulu tangu mwaka 1774. Lakini itazameni namba ile mliyoiandika pembeni. Mtoto wa miaka sita alipewa 100 kwa kuwachekesha wakubwa. Mtu mzima wa miaka 30, aliyekuwa akiandika Arusi ya Figaro miezi ile ile, alipewa 50. Kazi ya ikulu aliipata mwisho wa mwaka 1787, kwa mshahara wa gulden 800 kwa mwaka. Gluck aliyekuwa kabla yake alipewa 2,000. Akafa tarehe 5 Desemba 1791.

Leo katika nyumba ile ile ya michungwa muziki hupigwa jioni, mara nyingi Mozart kabla ya mapumziko na Johann Strauss baadaye. Si lazima uvae suti nyeusi. Valia kama unavyovalia kwenda arusini kwa jirani, fika mapema, na tikiti ya nyuma ni nafuu kuliko ya mbele. Ukumbi ni mrefu lakini sauti hufika. Jambo moja nawaonya. Kipande kimoja cha muziki huwa na sehemu tatu au nne, na kati ya sehemu watu hunyamaza kimya. Mimi sikujua. Fidla zilipokwisha sehemu ya kwanza kwa kishindo, nilipiga makofi peke yangu, na bibi mmoja wa safu ya mbele akageuka akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Baadaye nilisoma kwamba Mozart mwenyewe, alipokuwa Paris mwaka 1778, alifurahi sana watu walipopiga makofi katikati ya muziki wake, akamwandikia baba yake habari hiyo. Nikapoa moyo. Hata hivyo ninyi ngojeni mpaka kiongozi ashushe mikono.

Asiye na fedha ya tikiti naye ana siku yake. Tangu mwaka 2004 okestra mashuhuri ya Vienna, iitwayo Wiener Philharmoniker, hupiga muziki mara moja kwa mwaka, wakati wa joto, katika bustani nyuma ya kasri, bila kiingilio. Watu kwa maelfu husimama au hukaa mbele ya madirisha yale yale, wengine na watoto mabegani.

Kazi ya vikundi kwa juma hili: mmoja wenu awe Salieri, mmoja awe Mozart, na wa tatu awe mtunza fedha wa Kaizari. Mkononi mna dukati 150. Gawanyeni upya, na kila mmoja aseme sababu zake. Mwandishi wa kikundi aandike mlivyokubaliana, na kama hamkukubaliana, aandike hivyo.