Kranki ya Baiskeli: Tuangalie Uimara, Siyo Mng'aro

(Mazungumzo ya mafundi baiskeli na waendesha baiskeli wa wilaya ya Kahama)



Mmetuita sisi mafundi tuzungumze juu ya kranki. Kranki ni ule mkono unaoshika pedeli. Kila baiskeli ina mikono miwili. Mkono wa kulia umeshikana na sproketi ya mbele, yaani lile duara lenye meno linalovuta cheni. Mkono wa kushoto uko peke yake. Katikati ipo ekseli inayoiunganisha mikono hiyo miwili, nayo ekseli inazunguka juu ya gololi.

Swali lenu ni hili. Siku hizi ziko baiskeli za gia, zile za mlimani, za bei rahisi. Zina rangi nzuri na kranki inayong'aa. Je, kranki hiyo itadumu kwenye kazi zetu? Na fedha tunayoitoa, inarudi?

Jibu letu tunalisema mapema. Kwa mtu anayebeba mzigo kila siku, kranki ya chuma yenye kotapini ina faida kubwa kuliko kranki rahisi ya gia. Sasa tuelezane kwa nini, maana fundi asiyetoa sababu anaweza kuwa anauza tu vifaa vyake.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Hapa kwetu baiskeli si ya matembezi. Huko Nyarugusu na Lwamgasa, upande wa Geita, baiskeli hubeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka shimoni kwenda kwenye karasha. Hubeba madumu ya maji, mkaa, pamba, na magunia ya mpunga. Shinyanga mjini baiskeli imebeba abiria miaka mingi, hata watu wakaiita daladala. Ni kweli bodaboda zimechukua abiria wengi. Lakini bodaboda inataka petroli, na maji ya nyumbani hayawezi kuchotwa kwa petroli kila siku.

Hebu tupige hesabu kidogo. Baiskeli kubwa ya kawaida, ukizungusha pedeli mara moja, inakwenda karibu mita 5. Kwa hiyo kilometa 1 ni mizunguko kama 200. Mtu anayekwenda kilometa 20 kwa siku anazungusha mara 4,000. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni mizunguko 1,200,000. Kila mzunguko, kila mkono unakandamizwa mara moja. Na palipo na kilima, mtu husimama juu ya pedeli na uzito wake wote. Mtu wa kilo 60, juu ya mkono wenye urefu wa sentimita 17 hivi. Chuma kinasikia, ndugu zangu.

Sasa tuziangalie kranki zenyewe. Ile ya zamani mnaijua wote. Iko kwenye Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China, Hero ya India, na wazee wetu waliiona pia kwenye Swala, baiskeli ya hapa hapa Tanzania. Mkono ni wa chuma. Tundu lake ni la duara, na ekseli nayo ni ya duara yenye mfuo pembeni. Kinachoufunga mkono kwenye ekseli ni kotapini, kile kipande cha chuma chenye ubavu uliochongwa na nati ndogo mwishoni.

Kotapini hii wengi wanaidharau. Wanasema inalegea, inapiga kelele, ta-ta, ta-ta, kila hatua. Ni kweli inalegea. Lakini angalieni jambo hili: kinapotokea kitu cha kuliwa, inaliwa kotapini kwanza. Mkono unabaki, ekseli inabaki. Unanunua kotapini mpya, kitu kidogo cha kutia mfukoni, na dukani kijijini ipo. Aliyebuni kifaa hiki aliweka kitu rahisi kife badala ya kitu ghali.

Kranki ya gia haina kotapini. Ekseli yake ina ncha ya pembe nne, na mkono una tundu la pembe nne. Mkono unasukumwa juu ya ncha hiyo na bolti ya katikati, halafu unafunikwa na kifuniko cha plastiki. Namna hii si mbaya. Wakimbiaji wa mashindano wa Ulaya waliitumia miaka mingi sana. Na baiskeli za mlimani zenyewe zilipoanza huko California, Marekani, katika miaka ya 1970, zilitengenezwa na vijana waliokuwa wakishuka milimani kwa kasi. Walikuwa hawabebi kiroba cha mawe.

Ubaya unaingia kwenye ile ya bei rahisi. Mikono yake mingi ni ya aluminiamu laini, ndugu ya sufuria. Bolti ikilegea kidogo tu, na mtu akaendelea kupanda siku mbili tatu, ile ekseli ya chuma inalila tundu la mkono. Pembe nne zinakuwa mviringo. Hapo tena hakuna dawa ya kweli. Ukikaza bolti leo, kesho imelegea. Hakuna kipande kidogo cha kubadili. Umekula mkono mzima.

Tunajua mnavyofanya, na sisi mafundi tunafanya pia. Tunakata bati la kopo la soda, tunalizungusha kwenye ncha ya ekseli, tunapiga mkono juu yake. Hii inakufikisha nyumbani. Haikufikishi mwezi ujao. Wengine, kama mkono ni wa chuma, wanapeleka kwa mchomeleaji ili mkono na ekseli viwe kitu kimoja. Baiskeli inatembea, naam. Lakini siku gololi zikiisha, utazitoaje? Mkono hautoki tena. Itabidi ukate. Kwa hiyo kuchomelea tunakukataza, isipokuwa kama baiskeli yenyewe umekwisha kuihesabu kuwa chakavu.

Tazameni pia sproketi za mbele za baiskeli ya gia. Ziko tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Kwenye kranki za bei rahisi zimepigwa ribiti moja kwa moja kwenye mkono wa kulia. Meno ya moja yakiisha, au ikipinda kwa kugonga jiwe, huwezi kuibadili hiyo peke yake. Unatupa tatu zote pamoja na mkono. Na bati lake ni jembamba, kwa sababu cheni ya gia ni nyembamba kuliko cheni yetu ya kawaida.

Halafu mtu wa Shinyanga atuambie: hizo tatu unazitumia lini? Kuanzia Kahama mpaka Kishapu nchi ni tambarare. Tumeona baiskeli nyingi ambazo sproketi ndogo bado ina rangi ya dukani, haijaguswa, na ile ya kati imekwisha meno. Umenunua tatu, umetumia moja. Mtu wa Geita ana vilima, huyo tunamsikiliza. Kwake gia nyepesi inaokoa magoti. Lakini hata yeye akiwa na kiroba nyuma, mara nyingi tunamwona anashuka na kusukuma.

Tusiseme uongo, siyo kila kranki ya gia ni ya aluminiamu. Nyingine za bei ya chini kabisa ni za chuma, zimepakwa rangi nyeusi au zimefunikwa plastiki. Hizo ni nzito na hazina sura, lakini tundu lake linavumilia zaidi. Kwa mizigo, kama lazima ununue baiskeli ya gia, chagua hiyo isiyopendeza. Namna ya kuitambua ni rahisi. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, uende nayo dukani. Ikinata kwenye mkono, ni chuma. Isiponata, ni aluminiamu. Mwenye duka akikasirika kwa sababu ya sumaku, nenda duka la pili.

Jambo la bei linataka kalamu. Tuchukue mfano wa kufundishia tu, siyo bei ya dukani. Kranki ya kwanza inauzwa shilingi 12,000 na inadumu miezi 4. Gawa: ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Kranki ya pili inauzwa shilingi 30,000 na inadumu miaka 2, yaani miezi 24. Gawa: ni shilingi 1,250 kwa mwezi. Ipi ni rahisi? Ninyi mnajua kuandika. Siku unapofunga kranki, andika tarehe na bei kwenye daftari. Ikifa, andika tarehe tena. Baada ya mara mbili hutamwuliza fundi, utamwonyesha.

Na katika hesabu hiyo mtie siku za kukaa bure. Dereva wa baiskeli ambaye kranki yake imekatika njiani amepoteza nauli ya siku, pengine na mzigo wa mtu. Mkono ukikatika umesimama juu ya pedeli, unaanguka juu ya bomba la fremu. Wanaume mliowahi kuanguka hivyo mnaelewa, hatuna haja ya kueleza mbele ya akina mama. Na kama nyuma amekaa mama mjamzito anayekwenda kliniki, hapo si hasara ya shilingi tena.

Aluminiamu inaweza kukatika ghafla, lakini mara nyingi hutoa habari kwanza. Huanza na ufa mwembamba kama unywele, mara nyingi karibu na tundu la pedeli. Futa mkono kwa kitambaa, uangalie juani. Ukiona mstari mweusi unaorudi kila baada ya kufuta, acha kupanda baiskeli hiyo.

Sasa utunzaji. Wenye kranki ya gia, toeni kile kifuniko cha plastiki. Ndani kuna bolti, nyingi zinataka spana ya boksi namba 14. Kaza ukishika mpini mahali penye umbali wa sentimita 25 kutoka kwenye bolti, ukandamize kama uzito wa kilo 15, siyo zaidi. Kaza siku ya kununua, kabla hujatoka dukani. Kaza tena baada ya safari za siku ya kwanza, na tena baada ya wiki. Kranki nyingi zinazoletwa kwetu zimekufa kwa sababu bolti haikuguswa tangu dukani. Na kuutoa mkono huo kuna chombo chake maalum cha kuvutia. Fundi asiye nacho akianza kuugonga kwa nyundo, mnyang'anye baiskeli yako kwa heshima.

Wenye kotapini nanyi msicheke. Kotapini hazina saizi moja. Zipo za milimita 9 na za milimita 9.5. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Msichonge kotapini kwa nondo wala msumari. Chuma hicho ni laini, kinabonyea, halafu kinaharibu tundu ambalo lilikuwa salama. Unapoipiga, weka gogo au chuma kizito chini ya mkono. Bila hivyo pigo la nyundo linapita kwenye ekseli na kuumiza vikombe vya gololi. Nati za kotapini mbili zielekee pande tofauti: ya kulia ikitazama juu, ya kushoto itazame chini. Ukikosea, mikono haitakaa mstari mmoja na utapanda kama mtu anayechechemea. Usivute kotapini kwa kuikaza nati. Ipige iingie, ndipo ukaze.

Gololi za ekseli hiyo ya zamani ni 11 kila upande, za robo inchi. Hesabu unapofungua, hesabu unapofunga. Mchanga wetu wa luseni na vumbi la mawe ya karasha vikichanganyika na grisi vinakuwa kama msasa. Wanaofanya kazi migodini wafungue na kuosha mara nyingi kuliko wa mbugani.

Cheni pia inaua sproketi. Chukua rula ya inchi 12. Pima kutoka katikati ya pini moja, hesabu pingili 24. Cheni mpya inafika inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni kabla haijala meno ya kranki.

Mama mmoja hapa ameuliza kwa nini pedeli ya kushoto ya binti yake imetoka na nyuzi zote. Ni kwa sababu pedeli ya kushoto hukazwa kinyume, kwa kugeuza spana kuelekea mbele ya baiskeli. Aliyeifunga alilazimisha kama ya kulia. Kwenye mkono wa chuma ungehisi ugumu ukaacha. Kwenye aluminiamu inaingia tu, huku inakata nyuzi. Pedeli zenyewe zimeandikwa L na R. L ni ya kushoto, R ni ya kulia. Mama, herufi hizo mbili unazijua. Zisome kabla fundi hajashika spana.

Basi tuache maneno. Zigeuzeni baiskeli zenu, magurudumu juu. Shikeni mikono yote miwili ya kranki, mmoja kila mkono, mtikise. Ikicheza, iweke upande huu chini ya mwembe. Tutaanza na zile za kubebea maji.