Mtoto wa Mahabusu Hajahukumiwa

Desemba 2017 Dodoma nzima ilizungumza jambo moja: Uwanja wa Jamhuri, miaka 56 ya Uhuru, Rais wa wakati huo Magufuli, wafungwa 8,157 waliopata msamaha, wanamuziki Babu Seya na mwanawe Papii Kocha. Habari mliisikia, na ubishi wake mliusikia mpaka kwenye daladala. Hatuurudii.

Kinachotukosesha raha hapa kituo chetu cha utangazaji ni mtoto ambaye msamaha ule haukumhusu hata kidogo. Msamaha wa Rais humfikia aliyehukumiwa. Mtoto wa mahabusu hajahukumiwa. Anasubiri kesi, kesi inaahirishwa, anasubiri tena. Asamehewe nini? Hajahukumiwa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Anayesubiri kesi bila dhamana inataka akae kwenye mahabusu ya watoto. Kuna ya Upanga jijini Dar es Salaam, kuna ya Tanga, kuna ya Moshi, Arusha na Mbeya. Mwaka 2017 Dodoma hatukuwa nayo. Tulilisema kwenye kipindi hiki mara nyingi, na leo tunalisema tena: Dodoma hatukuwa nayo. Wizara zilihamia huku moja baada ya nyingine, na mahabusu ya watoto hatukuwa nayo. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilikagua vizuizi mwaka 2011 ikakuta watoto wamechanganywa na watu wazima. Watoto, na watu wazima, chumba kimoja!

Sasa, nani anakwenda kumwona mtoto huyo? Mama yuko Mpwapwa ndani ndani, au Kongwa, au Bahi, mvua zikianza jembe liko mkononi, nauli hana. Afisa ustawi wa jamii ana mafaili mengi kuliko siku za wiki. Anayebaki ni mtu wa dini. Kwa watoto wengi wa aina hii, mchungaji, padre au sheikh ndiye mgeni pekee wanayeweza kumtarajia.

Naye huja lini? Huja sikukuu. Maulidi ikifika, Krismasi ikibisha hodi, zitakuja sabuni, sukari na katoni za biskuti, zitapigwa picha, kisha kimya mpaka Pasaka. Hatuwalaumu wanaoleta sabuni, sabuni inahitajika. Lakini mtoto mwenye hofu usiku hafunguki kwa mgeni wa saa moja. Hufunguka kwa mtu aliyemwona wiki iliyopita, na wiki ya kabla yake.

Na wengine wakifika, neno la kwanza ni "tubuni". Watubu nini, ndugu zangu? Hawajahukumiwa! Huduma ya kiroho kwa mtoto huyu ianze kwa kumsikiliza, na anayoyasema hapo yasigeuke ushahidi wa polisi.

Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuwalinda watoto walionyimwa uhuru wao, tarehe 14 Desemba 1990. Zinasema wazi: mtoto apate ibada na vitabu vya dini yake, atembelewe na kiongozi wa dini anayemtaka, na penye watoto wa kutosha wa dini moja ateuliwe mhudumu wao. Zinasema pia kwamba mtoto akikataa, asilazimishwe. Chakula na dawa visitegemee kama amepiga magoti.

Dodoma haikosi watu wa kazi hii. Tuna Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, tuna Msikiti wa Gaddafi, tuna chuo cha theolojia pale Msalato kinachofundisha wachungaji. Waheshimiwa maaskofu, masheikh wetu wa BAKWATA, mnapanga ratiba zenu kila mwaka. Andikeni humo jina la mtu mmoja na siku moja ya kila wiki. Jina, siku, kila wiki! Mtumeni aliye na subira, si aliye na sauti kubwa. Nendeni kwa mkuu wa gereza, nendeni kwa mkuu wa kituo cha polisi, ombeni kibali kwa maandishi, na mkicheleweshewa rudini kesho yake. Na mkiwa na mawaziri kwenye safu zenu za mbele Jumapili na Ijumaa, waulizeni mbele ya waumini: mahabusu ya watoto ya Dodoma imefikia wapi?